Kondo la Mtoto wa Watu Chini ya Ngazi za Nana Basiang

Nana Basiang, nana kwetu ni mama yeyote wa heshima, amezalisha watoto mia tatu na kumi na mmoja. Idadi naijua kwa sababu kila mtoto alipotoka alipiga fundo kwenye kamba, na kamba yenyewe bado inaning'inia jikoni kwake katikati ya mafungu ya vitunguu saumu. Mimi ni fundo mojawapo. Niliwahi kulitafuta, nikaishia kunuka vitunguu siku nzima.

Ukimtajia hiyo idadi atakurekebisha. Mara mbili yake, atasema. Kwa hesabu zake hakuna mtoto anayezaliwa peke yake. Anatoka mtoto, halafu baada ya dakika kumi, robo saa, anatoka mwenzake. Huyo mwenzake ndilo kondo la nyuma, na sisi Wailokano wa kaskazini mwa Ufilipino tunaliita kadkadua.

Ngoja nilieleze hili neno sasa hivi tumalizane nalo. Kadua ni mwenzio: wa safari, wa shambani, wa kulala naye. Limejengwa juu ya dua, ambayo kwetu ni mbili, haihusiani na dua ya kuomba. Ukiukazia mwanzo wake unapata kadkadua, kondo. Ukilipinda kidogo unapata kararua, roho. Shuka kusini kwa Watagalogi, roho ni kaluluwa. Pampanga ni kaladua. Wanaochimba asili ya maneno wengi wanasema hayo yote ni shina moja, ile mbili, na maana ya zamani ni kama "yule wa pili wako". Hata kusitasita kwetu ni duadua, mbili mbili, na ukivuka maji mpaka Visaya utawakuta wanasitasita kwa neno hilohilo, duhaduha. Yaani watu wa visiwa elfu saba, ambao wakikutana sokoni hawaelewani, wamekubaliana kimyakimya kwamba ndani ya mtu mmoja mna wawili, na kwamba hiyo ni shida.

Hayo nimeyasoma kwenye simu. Nana Basiang hajayasoma popote. Yeye huyo wa pili amemshika kwa mikono.

Na hakumshika ovyo. Kondo analiosha mara tatu, analipaka chumvi, analitia kwenye chungu kipya ambacho hakijawahi kukalia moto. Anaweka na penseli na kipande cha karatasi, mtoto aje kuwa na akili za darasani. Halafu baba mtoto anachimba chini ya ngazi za jikoni, anafukia, anaweka miiba juu mbwa wasifukue. Sharti ni moja: kuanzia linapotoka mikononi mwa mzalishaji mpaka lifike nyumbani, anayelibeba anatumia mkono wa kulia na anaangalia mbele. Haangalii kushoto, haangalii kulia, haangalii alichobeba. Akikengeuka, mtoto atakuwa na makengeza. Kijijini kwetu Dallipawen yupo mzee mmoja mwenye makengeza, ana miaka sitini sasa, na mpaka leo watu wanamlaumu marehemu baba yake kwamba aligeuka kumwangalia jogoo wa jirani.

Kilichofukiwa pale ndicho kinachomshika mtu na kwao. Hiyo ndiyo imani ya Nana, na ya mama yake, na ya bibi yake. Uende Saudia, uende mwezini, mwenzio amebaki chini ya ngazi na atakuita.

Sasa mimi sina adabu, kila mtu anajua. Nana ana watoto watano, na wanne wakubwa kondo zao zimefukiwa chini ya ngazi zilezile. Mmoja yuko Taiwani. Mmoja Kuwait. Mmoja anaendesha lori Manila na hajaonekana tangu mazishi ya baba yake. Wa nne hakuna anayejua. Siku moja nikamuuliza, "Nana, kama kweli wanaitwa, mbona hawaji?"

Alikuwa anavuta sigara yake ya tumbaku ya shamba, upande wa moto ukiwa ndani ya mdomo kama wanavyovuta mabibi wa kwetu. Akaitoa, akaiangalia.

"Wanaitwa," alisema. "Kuitwa na kuitika ni kazi mbili."

Aliyebaki alikuwa wa tano, Rowela. Rowela aliolewa na Domeng, dereva wa pikipiki yenye kibanda cha abiria ubavuni, kijana mtiifu mno, wa kuambiwa kaa akakaa. Baba yake Domeng yuko Hawaii, na alishawaandikia karatasi za kuwavuta kule muda mrefu. Kwa hiyo Nana alijua. Huyu wa mwisho naye ataondoka, na tumbo alilonalo litaondoka. Hakujaribu kuwazuia. Alichotaka ni kitu kimoja: kondo la mjukuu lilale chini ya ngazi zake kabla ndege haijaruka.

Zamani hilo lisingekuwa hata jambo la kuongelea. Angemzalisha mwenyewe, jikoni kwake, basi. Lakini halmashauri yetu ilishapitisha sheria: hakuna kuzalia nyumbani. Wakunga wa jadi waliitwa ukumbini, wakapewa soda, fulana, mwavuli na cheti cha shukrani, wakaambiwa sasa mpumzike. Mimi sheria siipingi, tusije tukaanza kupigana. Wanawake walikuwa wanakufa. Kwenye ile kamba ya Nana kuna mafundo mawili yamezungushiwa uzi mweusi, na ukimuuliza anakutuma ukachote maji. Ila mwavuli aliutumia mpaka ukaisha, na fulana anadekia.

Basi Rowela akashikwa uchungu alfajiri, wakampeleka hospitali ya wilaya. Nana akakaa kwenye benchi nje ya wodi, chungu kipya mapajani, ndani ya chungu kuna chumvi, penseli na karatasi. Nilikuwepo. Nilimpelekea wali na samaki wa kukaanga, hakugusa.

Mlinzi, Silvino, akaja kumkagua.

"Nana, hicho chungu cha nini? Humu hakuna jiko."

"Cha kadkadua."

"Aa." Silvino akavua kofia. "Hawatakupa, Nana. Mke wangu amezalia hapahapa. Hatukupewa."

"Hukuomba."

"Niliomba. Nikiwa na sare hiihii, niliomba."

Mtoto akazaliwa saa nne asubuhi. Wa kiume, kilo tatu, wakamwita Zyrus Dwight, mniachie nisiseme kitu. Nana aliposikia kilio alifunga fundo kwenye hewa kwa vidole, sijui kama alijua anafanya hivyo. Halafu akasimama na chungu chake akaenda dirishani kwa nesi.

Nesi alikuwa Mtagalogi, Charmaine, msichana wa watu mpole. "Lola, hongera," alimwambia, lola kwao ni bibi. "Mama mzima, mtoto mzima."

"Na mwenzake?"

"Mwenzake nani?"

Nana akainua chungu.

"Lola, ile ni taka ya hospitali. Inaingia mfuko wa njano, saa tisa inapelekwa shimoni. Ni sheria ya wizara, siyo yangu."

"Nyinyi kwenu roho mnaiitaje?"

"Kaluluwa."

"Sisi kararua. Unaisikia? Ni mtu na mwenzake. Wa kwanza mmempa mama yake, nashukuru. Nipe wa pili niende zangu."

Charmaine akaangalia nyuma, akaangalia mlango, akashusha sauti. "Bibi yangu mimi alikuwa anazifukia. Naelewa, Lola. Lakini nikikupa, kesho sina kazi. Usinifanyie hivyo."

Mtu anayekukatalia kwa kiburi unaweza kumtukana, ukapoa. Anayekukatalia huku macho yamemlowa unamfanyaje? Nana akasema asante, akarudi kwenye benchi. Daktari alipopita akamwomba na yeye. Daktari ni mtu wa Iloilo, kule Visaya, akamshika bega, akamwita Nanay, mama, akasema hapana kwa upole kuliko wote. Saa sita. Saa saba. Shimo lenyewe liko nyuma ya jiko la hospitali, la zege, lina mfuniko wa chuma na kufuli, na ukikaa pale kwenye benchi unaliona kwa pembeni. Nana alikuwa analiona.

Ndipo akatokea Manang Otilia, manang ni dada mkubwa, na mopu. Manang Otilia anasafisha wodi ile, na yeye ni fundo la kumi na tatu.

"Nana Basiang, si wewe ulinizalisha mimi?"

"Ulitanguliza miguu. Ulimtesa sana mama yako."

"Ananikumbusha kila Krismasi." Otilia akaendelea kudeki, hakuinua kichwa. "Mwambie mkweo asogee mlango wa jikoni saa nane na nusu. Na wewe uondoke hapa na hicho chungu, unanipa presha."

Saa nane na nusu Otilia alitoka mlango wa jikoni na mfuko wa rambo, ndani yake mfuko wa njano, kwenye mkono wa rambo amefunga kikaratasi cha jina alichokitoa kwenye ule wa njano. Siku hiyo walikuwa wamezaa wanawake wanne. Mifuko minne kwenye pipa moja. Otilia amevaa miwani ya kufuata fasheni tu, haimsaidii kusoma. Hilo alilisema mwenyewe baadaye, akilia. Akamnyooshea Domeng.

"Soma basi jina hapo, nihakikishe."

Domeng alikuwa ameshaanza. Mkono wa kulia mbele, kidevu juu, macho ukutani.

"Mimi siangalii kitu, Manang."

"Jina tu."

"Siangalii."

Otilia akasikia viatu vya mtu ndani, akamwachia, akafunga mlango. Mimi nilikuwa hatua nne. Nilicheka hata. Domeng hawezi kuendesha pikipiki bila kuangalia kushoto na kulia, kwa hiyo binamu yake ndiye aliyeendesha, na yeye akakaa kwenye kibanda ameshika mfuko kama sanamu ya mtakatifu inayopelekwa kwenye maandamano. Sokoni watu wakamwita, Domeng, Domeng, umepata dume? Hakugeuka. Mwanamke mmoja akasema, "Mwacheni, mnataka mtoto wa watu awe na makengeza?"

Nana alitutangulia nyumbani. Alilipokea, akaliosha mara tatu. Kwa kuosha anaruhusiwa kuliangalia, ila kondo halina sura, na herufi ndogo macho yake yalishaziacha miaka mingi. Alilipaka chumvi. Penseli, karatasi. Domeng akachimba chini ya ngazi, akafukia, akaweka miiba. Nana akakaa juu ya ngazi akawasha sigara, na kusema kweli sijawahi kumwona ametulia hivyo. Aliniambia, "Wewe unayependa kuuliza, huyu ataitika." Nikamwambia tutaona. Akanirushia ganda la muhogo.

Kwa Nana mfuko hautupwi. Mfuko unaoshwa, unaanikwa kwenye kamba ya nguo, unatumika tena. Ule wa njano aliuchoma, lakini wa rambo aliusugua na sabuni akauanika, na kile kikaratasi kilikuwa kimefungwa na uzi mgumu, akakiacha.

Siku mbili baadaye Rowela akarudi na mtoto. Akakalishwa uani, akapewa supu ya kuku na majani ya mlonge, Domeng anampepea. Rowela yuko na kijiko mdomoni, macho yako kwenye kamba ya nguo.

"Nana," akasema, "Punsalan ni nani?"

"Punsalan yupi?"

"Kwenye mfuko pale. Imeandikwa Punsalan, J."

Nilikwenda mimi kuusoma. Nilikuwa naomba niseme hapana, umekosea. Wino ulikuwa umefifia kwa sabuni, lakini ulisomeka vizuri tu. Punsalan, J., saa tatu na dakika hamsini.

Kuku wakawa wanatembea. Domeng akawa wa kwanza kusema.

"Mimi sikuangalia," alisema. "Nilifanya kama ulivyoniambia, Nana. Sikuangalia hata kidogo."

"Najua, mwanangu," Nana akamwambia. "Ulifanya vizuri."

Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Angeangalia sekunde moja, mara moja tu katika maisha yake Domeng angekosa utiifu, tungegonga ule mlango tukabadilisha. Mfuko wetu ulikuwa bado kwenye pipa, nusu saa nzima. Tulikuwa mlangoni.

Rowela akasema basi tuchimbue, turudishe. Nana akatikisa kichwa. Kondo lililofukiwa halifukuliwi. Ukilifukua, mwenyewe anaugua, na mwenyewe ni mtoto wa siku mbili wa mtu ambaye hatumjui. Na hata ukilifukua, urudishe wapi ili upewe nini? La mjukuu lilishaingia shimoni tangu juzi saa tisa.

Alikwenda, hata hivyo. Alikwenda hospitali peke yake, akamwambia daktari wa Iloilo ukweli wote isipokuwa jina la Otilia. Daktari akamkalisha, akampa maji.

"Nanay, mle mna za miezi mitano, za wanawake wote waliozaa hapa. Zimekaa pamoja, na chokaa juu. Hata kama ningetaka. Unanielewa? Hata kama ningetaka."

"Nakuelewa, dokta."

"Unataka nifanye nini?"

"Hakuna," Nana akasema. "Nilitaka tu mtu ajue."

Akina Punsalan tuliwapata kwa urahisi. Ni watu wa Pampanga, mume alikuwa fundi wa kufunga mitambo ya umeme wa upepo ufukweni, wamepanga chumba nyuma ya duka la mikate. Mama mtoto anaitwa Jocelle. Alitukaribisha kitandani kwa sababu kiti kilikuwa kimoja, akamsikiliza Nana mpaka mwisho, mtoto wake wa kike amelala kifuani. Halafu akacheka. Hakucheka kwa ubaya.

"Kwa hiyo kaladua ya binti yangu iko chini ya ngazi zako?"

"Iko salama. Imeoshwa, ina chumvi. Nimeweka na penseli."

"Basi ana bahati. Mimi yangu sijui hata iko wapi, mama yangu alizalia Manila. Kaa nayo tu, Nana."

"Siyo yangu, binti. Itamwita. Itamwita nyumba ya watu asiowajua."

"Akinikorofisha nakuletea, umlee." Jocelle akaona Nana hacheki, akaacha. Akamshika mkono. "Nana, kweli, sisi haitusumbui. Sahau."

Nana angemweza mtu aliyekasirika. Alikwenda pale amejiandaa kutukanwa, alinunua hata keki za wali na nazi za kuombea radhi. Alirudi nazo nusu, na jambo lake lote kichwani. Mitambo ikaisha kufungwa, akina Punsalan wakahama. Tulikuwa na namba yao ya simu. Haipatikani.

Karatasi za Hawaii zikatoka Zyrus Dwight akiwa na miezi kumi.

Sisi tuna desturi, ukiwa unaondoka mahali na mtoto mdogo, unamwita. Mwili umembeba mgongoni lakini roho inaweza kuwa bado inacheza kule ulikotoka, kwa hiyo unageuka unasema kwa sauti: twende, twende, usibaki. Hata mimi nisiyeamini kitu nasema, ukiniona natoka ufukweni na wapwa zangu utanisikia. Siku moja kabla ya safari Nana alimchukua mjukuu, akapanda kibanda cha pikipiki ya Domeng, tukaenda mpaka uzio wa nyuma wa hospitali, kule jikoni. Silvino akatuona akaja mbio.

"Nana, hapa hamruhusiwi."

"Nitaita tu."

Akaangalia mtoto, akaangalia mfuniko wa chuma. "Dakika tano," alisema, akatupa mgongo, akajifanya anahesabu magari.

Nana akamshika mtoto uso kwa uzio. "Twende," alisema. "Twende, mwenzetu. Mwenzio anasafiri kesho, usibaki. Twende." Alisema mara saba, nane. Jua lilikuwa kali na mtoto akaanza kulia. Kutoka jikoni walikuwa wanamwaga maji ya kuoshea masufuria. Hakuna kilichotokea. Sijui nilitegemea kitokee nini.

"Utajuaje kama imekuja?" nilimuuliza.

"Hujui," alisema. "Unaita, unaondoka."

Kwenye kibanda alijibana pembeni kabisa, akaacha nafasi kwenye kiti. Nafasi ya mtu mmoja mdogo. Domeng aliiona, na safari hii aliangalia, akaendesha polepole njia nzima.

Wakaondoka. Nyumba ikabaki na Nana, kamba yake ya mafundo, na kondo la mtoto wa Pampanga. Nana haachi kumheshimu yule wa chini ya ngazi. Ngazi ya chini kabisa, iliyo karibu na kile chungu, haikanyagi, anairuka. Mwanamke wa miaka sabini na tatu anaruka ngazi kila akienda kuchota maji. Mwaka jana alianguka, akateguka kiwiko. Nikamwambia, Nana, kanyaga tu, mwenyewe mama yake amesema sahau. Akanijibu, "Mama yake amesema. Yeye hajasema." Akakaa na kiwiko chake kimefungwa majani ya tangawizi, mimi nikaenda kumchotea maji.

Na ingeishia hapo isingekuwa mbaya. Lakini Zyrus Dwight ana miaka miwili na nusu sasa na hajasema neno. Siyo mama, siyo maji. Anasikia, anakula, anakimbia, hasemi. Madaktari wa kule wamempima, wamesema msubirini. Rowela anasubiri. Domeng anasubiri, anafanya kazi hotelini anakunja mashuka. Mimi nasema mtoto atasema akiwa na la kusema, binamu yangu alianza na miaka mitatu na sasa hanyamazi. Nimemwambia Nana hivyo mara ishirini. Ananisikiliza vizuri kabisa, halafu anauliza kama niliona kile kikaratasi kabla ya Domeng kukipokea. Nilikuwa hatua nne. Namwambia sikukiona. Anasema anajua, alikuwa anauliza tu.

Alhamisi iliyopita alikuja kwangu asubuhi, amevaa gauni la kanisani. Akasema ana shida na simu yangu. Nikamuuliza unataka kumpigia nani, akasema Rowela, ile ya picha, lakini tusipigie hapa.

Tulikwenda mpaka uzio ule. Ilikuwa saa mbili asubuhi, kule kwao bado jana mchana. Silvino alistaafu, kuna mlinzi mpya kijana, tulimkuta anakunywa kahawa, akatuangalia tu. Simu ikaita, Rowela akapokea, nywele zimefungwa taulo.

"Nana. Kuna nini? Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa. Mlete mtoto."

Akamleta. Zyrus Dwight akaja kwenye kioo, pua kubwa, anatafuna kitu. Nana akamwangalia kidogo, hakusema habari wala umekua. Akanipokonya simu, akapitisha mkono kwenye tundu la uzio mpaka kwenye bega, akaigeuza, kioo kikaangalia lile zege na ule mfuniko wa chuma.

"Nana, uko wapi?" Sauti ya Rowela ilikuwa inatoka upande wa pili wa uzio. "Hatukuoni. Naona sementi tu."

"Mshikilie hapohapo," Nana akasema. "Asitoke."

"Aangalie nini?"

Nana akaisogeza simu zaidi kwenye mfuniko, waonane. Mkono wake ni ule wa kiwiko kibovu, na mimi nikaingiza wangu kwenye tundu la jirani nikamshikilia kifundo. Tulikaa hivyo. Mlinzi alimaliza kahawa yake akaanza kuja taratibu, hana haraka.

"Nana," Rowela akasema, "mtoto ameshaondoka. Ameenda kucheza. Nana? Naongea na wewe."

"Mrudishe," Nana akasema.

"Hataki."

Nana akabaki ameinyoosha simu vilevile.